Samaki wa Saa Kumi

Ninaapa, na mkono wangu uko juu, kwamba haya ninayoyasimulia ni kweli tupu, kweli kavu isiyotiwa maji. Najua sifa yangu mtaani. Nikifungua mdomo tu, watu huanza kukumbuka kwamba wameacha sufuria jikoni. Lakini safari hii nimejifunga mwenyewe: mtu akinikamata na uongo hata mmoja, uwe mdogo kama punje ya chakula cha samaki, nitakunywa bilauri nzima ya maji ya lile tangi la samaki, mbele ya watu, bila kuziba pua. Na maji yenyewe yana ukijani kidogo. Basi mnaona sina sababu ya kuleta mchezo.

Palikuwa na mzee mmoja aliyetengeneza saa kwa miaka arobaini, katika kibanda chenye upana wa mlango, chini ya ngazi za jengo la ghorofa tano. Watu walimwita Fundi, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho. Ile lenzi ndogo ya kubana jichoni aliivaa miaka mingi hata unyusi wake wa kushoto ukapanda na kukataa kushuka, kwa hiyo hata alipokuwa amefurahi alionekana kama mtu asiyekuamini. Kumbe hapakuwa na mtu mwepesi wa kuamini kama yeye. Ukimwambia mvua imenyesha ndani ya lifti, atakuuliza kama ulikuwa na mwavuli.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Mteja mmoja aliona skrubu ndogo kama ufuta ikimdondoka Fundi mara tatu. Akachukua saa yake, akasema atarudi, hakurudi. Wa pili hivyo hivyo. Fundi hakumngoja wa tatu. Aliuza vyombo vyake vyote, akabakiza ile lenzi na kibano kimoja cha chuma chenye ncha kama mdomo wa ndege, akaenda kukaa nyumbani.

Huko nyumbani ukimya ulimpiga makofi. Mtu aliyezoea saa sitini zikigongagonga masikioni, ukimweka sebuleni peke yake na kabati, anasikia damu yake mwenyewe ikitembea. Binti yake alikuwa mlango wa pili, lakini alifanya kazi duka la dawa na alishinda huko. Siku moja Fundi akipita mbele ya duka la samaki wa mapambo, aliona dirishani chupa yenye samaki mmoja, mrefu kama kidole cha mwisho, mwili wa buluu kama wino, mapezi mekundu. Lile pezi la mkia lilikuwa halitulii. Linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi, sawasawa na lile gurudumu dogo linalopigapiga ndani ya saa inayotembea. Fundi alisimama pale mpaka mwenye duka akatoka.

"Mzee, huyo ni mpiganaji. Ukimwekea dume mwenzake watachinjana. Anakaa peke yake."

"Hata mimi," Fundi akasema. "Nifungie."

Akampa jina la Bwana Mkubwa, kwa vile kila asubuhi samaki yule alizunguka tangi lake lote kama meneja anayekagua ghala, akitazama kila kokoto kwa dharau. Tangi liliwekwa juu ya meza karibu na dirisha. Na kazi ikaanza. Saa moja kamili asubuhi, si dakika kabla wala dakika baada, Fundi anagonga kioo mara tatu kwa kibano: ti, ti, ti. Anabana punje moja ya chakula, anaishusha juu ya maji. Mkono unatetemeka, na punje nayo inatetemeka, na Bwana Mkubwa akiiona inatetemeka hivyo anadhani ni mdudu hai. Anaruka. Anaipokonya kwenye ncha ya kibano. Punje ya pili vilevile. Kisha basi, mpaka kesho.

Fikirini jambo hilo. Mkono ule ule uliowafukuza wateja ndio uliomvuta samaki. Fundi hakujisifu kwa mtu, lakini kila asubuhi baada ya punje ya pili aliutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mtoto aliyefaulu mtihani.

Alikuwa na rafiki mmoja, wa tangu ujana. Huyu alichambua barua posta kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu hakuondoka na kitu zaidi ya jina, Posta, na kidole cha mpira chekundu, kile makarani wanachovaa ili karatasi zisiteleze. Alikitembeza mfukoni kama wengine wanavyotembeza miwani. Na alikuwa na mdomo. Mtaa mzima ulijua kwamba ukimsikia Posta anasema kitu, gawanya kwa nne, na hiyo robo iliyobaki iulizie kwanza. Fundi peke yake hakugawanya. Posta alikuja kila siku saa kumi alasiri, akakaa kwenye kiti kati ya kochi na tangi, akasema, na Fundi akameza kila kitu.

Ndipo mtoto wa jicho akaingia, jicho la kulia, lile zima, maana la kushoto lenzi ilikuwa imeshalichosha. Hospitali wakalipasua. Posta ndiye aliyempeleka na kumrudisha akiwa amefungwa bandeji kama aliyepigana, na Posta ndiye aliyeshika karatasi ya maelekezo, kwani Fundi asingeweza kuisoma.

"Wanasema matone mara nne kwa siku," Posta alisoma kwa sauti ya kiofisi. "Usiiname. Usibebe kizito. Na baada ya kila tone ulale chali, umefumba macho yote mawili, dakika ishirini."

"Ishirini?"

"Ishirini, imeandikwa. Mimi nisome nini kingine?"

Binti wa Fundi akachukua zamu ya asubuhi, ya mchana na ya jioni, akimwacha baba kochini na kukimbia kazini kwake. Ile ya saa kumi ikawa ya Posta, akapewa na ufunguo wa mlango. Na ili rafiki asichoke kulala kama gogo, Posta alijitolea kumsomea gazeti.

Na gazeti lile lilikuwa tamu! Ndipo Fundi alipopata habari za treni ya mizigo iliyopotea. Treni yenye mabehewa ishirini na mawili ilitoka stesheni moja na haikufika stesheni ya pili, na katikati hakuna njia ya kuchepuka. Jumatatu dereva alikutwa kwa mkwewe, anasema alisimama kusalimia tu, akageuka hakuiona. Jumatano behewa moja likaonekana nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, kuku wake wameshahamia humo na wanataga vizuri kuliko zamani, mjane anakataa kulitoa. Ijumaa mkuu wa reli akasema hakuna treni iliyopotea, ila ipo moja ambayo haijulikani ilipo. Fundi alicheka macho yamefumba, tumbo likipanda na kushuka, mpaka Posta akalazimika kumwambia, "Taratibu, Fundi, jicho litachomoka."

"Soma, soma. Kuku wanasemaje?"

Wakati huo huo, asubuhi kwa asubuhi, jambo lingine lilikuwa linaharibika. Kibano kiligonga, ti, ti, ti, na Bwana Mkubwa alikuja polepole, akaitazama punje, akaiacha. Siku iliyofuata hakuja kabisa. Alijilaza karibu na kioo cha upande wa pili, kule kwenye kiti, mgongo umempa Fundi.

Fundi kwanza alilaumu bandeji. Labda samaki hamtambui. Basi akaitafuta ile lenzi ya zamani, akaibana kwenye jicho la kushoto ili afanane na Fundi wa zamani. Akakaa mbele ya tangi hivyo, mzee mwenye bandeji upande mmoja na lenzi upande wa pili, kibano mkononi, akiita kwa sauti ndogo: "Bwana Mkubwa. Ni mimi, bwana." Punje ikatetemeka juu ya maji mpaka ikalainika na kuzama.

Akamweleza Posta. Kuna mambo mwanamume hasemi ila kwa rafiki mmoja tu, na Fundi alisema yote akiwa amelala chali, machozi yakichanganyika na dawa.

"Hanitaki tena, Posta. Nadhani mkono umezidi kutetemeka. Umemtisha."

"Ni umri, ndugu yangu," Posta akajibu. "Samaki nao wanazeeka. Usijitese."

Umri gani? Tumbo la samaki lilikuwa limevimba kama harage lililolowekwa. Kuogelea kukawa kwa ubavu. Fundi akamwita mwenye duka la samaki wa mapambo. Yule bwana alikuja, akainama mbele ya kioo, akacheka.

"Mzee, huyu ameshiba. Unamlisha mno, unamuua."

"Nampa punje mbili."

"Basi kuna mtu anampa nyingine kumi na mbili. Mfungishe siku tatu, umtafute huyo mtu."

Mwenye duka alipoondoka Fundi alikaa akihesabu. Nani anaingia sebuleni humu? Yeye, Posta, na binti yake. Posta hawezi, Posta yuko na gazeti, sauti yake inasikika muda wote bila kukatika. Akabaki mmoja.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache. Posta ameshafika, ameshakaa. Binti alipita kuacha chupa mpya ya matone, na Fundi akamwanza pale pale mlangoni.

"Mwanangu, kwa nini unamlisha samaki wangu?"

"Mimi? Baba, hata kumgusa namwogopa."

"Usinidanganye nyumbani kwangu."

"Sijamlisha, baba."

"Unaona najipotezea muda na samaki, eh? Ulisema mwenyewe siku ile, baba anaongea na samaki kuliko na watu. Umeamua kummaliza ili unipumzishe."

Binti alisimama na ile chupa mkononi. Alimtazama baba yake, akamtazama Posta, kama mtu anayetafuta shahidi. Posta alikuwa amefungua gazeti lote mbele ya uso wake. Binti akaiweka chupa mezani kwa uangalifu, akasema, "Haya, baba," akaenda zake. Siku mbili matone aliyatia bila kusema neno, mikono yake mepesi kama ya muuguzi wa kukodiwa.

Samaki akafungishwa, lakini hakupungua hata kidogo. Fundi akaona binti anaendelea.

Sasa sikilizeni jinsi kitu kidogo kinavyofungua kikubwa. Siku ya tatu mvua ilinyesha, na Posta, ambaye kila siku aliondoka na gazeti lake kwapani, safari hii aliliacha kitini lisilowe. Wiki hiyo daktari alikuwa ameshamwondolea Fundi bandeji na kumruhusu kusoma kidogo kidogo. Jioni akalichukua, akavaa miwani mipya, akatafuta treni. Ukurasa wa kwanza hakuna. Wa pili hakuna. Akasoma matangazo ya zabuni, akasoma waliofariki, akasoma mpira. Treni hakuna, mjane hakuna, kuku hakuna. Akatazama tarehe juu: lilikuwa la wiki mbili nyuma.

Binti alipokuja na matone ya jioni, Fundi akamuuliza, sauti imeshuka, "Mwanangu, ile treni ya mizigo wameipata?"

"Treni gani, baba?"

"Iliyopotea. Mabehewa ishirini na mawili."

"Baba, treni itapoteaje?"

Sauti ya Fundi ikatoka ikikwaruza kama mlango wa kabati. "Nipe ile karatasi ya hospitali. Iko chini ya kitambaa."

Aliisoma akiwa amesimama. Matone mara nne. Usiiname. Usibebe kizito. Fumba macho dakika tano.

"Imeandikwa tano tangu mwanzo, baba," binti akasema. "Mimi nilidhani unapenda tu kujipumzisha."

Fundi alikunja karatasi mara mbili, mara nne, mara nane. Mtu aliyefungua saa za watu miaka arobaini anajua kwamba kitu hakiendi mbio bure. Kuna jino mahali linasukuma jino jingine. Kama macho ya Posta hayakuwa kwenye gazeti, yalikuwa wapi? Na zile dakika kumi na tano za ziada zilikuwa za kazi gani?

Kesho yake saa kumi alilala kochini kama kawaida. Posta akatia tone, mkono wake imara, akampangusa shavu kwa leso. "Fumba, ndugu yangu. Haya, leo mambo yamechacha. Mkuu wa reli amekwenda mwenyewe kwa mjane..."

Fundi hakuhitaji saa. Alikuwa nayo kichwani. Dakika ya kwanza, mjane alimtolea mkuu wa reli kiti. Ya pili, jogoo akamparamia. Ya tatu, ya nne. Katikati ya maneno aliyasikia yale asiyokuwa amewahi kuyasikiliza: kifuniko cha kopo kikizungushwa polepole, na kitu laini kikisugua kioo. Ya tano ikatimia. Akafumbua.

Gazeti lilikuwa limekunjwa magotini. Posta alikuwa ameligeukia tangi, mdomo unakwenda wenyewe kama redio, na kwenye kidole chake cha shahada amevaa kile cha mpira chekundu. Akakipeleka kushoto, Bwana Mkubwa akaenda kushoto. Akakizungusha, samaki akajizungusha, mapezi yamefunuka yote kama kanga mpya, tumbo zito na hajali. Akakiinua juu ya maji, na yule samaki, aliyeshindwa kuogelea wima asubuhi mbele ya kibano, akaruka mwili mzima hewani na kupokea punje kwenye ncha nyekundu. Kwa Fundi hakuwahi kuruka namna ile. Hata siku za mwanzo.

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili lilikuwa dirishani. Nje ya kioo walisimama watu: Kinyozi wa mtaani na aproni yake na kitana kichwani, nyuma yake fundi viatu, nyuma yake mshonaji, wamejiziba midomo kwa viganja wasisikike wakicheka. Walikuwa wanamtazama samaki. Walikuwa wanamtazama na yeye, amelala chali, mikono kifuani, kama maiti iliyoandaliwa.

Kinyozi ndiye aliyeona jicho liko wazi. Kicheko kikamzimikia usoni. Posta alikuwa bado anaendelea.

"...ndipo mkuu wa reli akasema..."

"Akasema nini?" Fundi akauliza.

Kidole chekundu kikasimama kwenye kioo. Samaki naye akasimama.

"Fumba jicho, Fundi. Dakika hazijatimia."

"Zimetimia. Tano." Akaketi. Dirishani hapakuwa na mtu tena, vilisikika viatu tu. "Posta. Ile treni ipo?"

Posta akakivua kidole taratibu. "Haipo."

"Hata lile behewa la kuku?"

"Hata hilo."

Fundi akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za msiba kipande kwa kipande. "Nilikuambia samaki hanitaki. Nililia hapa. Ukaniambia ni umri."

"Nilikuambia."

"Binti yangu alisimama pale na chupa. Nikamwita muuaji. Ulimsikia."

"Nilimsikia."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya gazeti," Posta akasema.

"Kwa nini, bwana we? Nilikunyima nini?"

Posta aliukunjakunja ule mpira mikononi. "Nilijisifu kwa Kinyozi. Nikasema samaki wa Fundi namchezesha kwa kidole kimoja. Nilisema tu, kama ninavyosemaga. Wakacheka, fundi viatu akaniuliza kama samaki huyo pia anasoma barua. Fundi, nimesema mambo miaka sitini, hakuna hata moja lililowahi kuwa. Nikataka moja. Moja tu, waje waone kwa macho yao wanyamaze."

"Kwa hiyo ulifumba yangu ili wao waone."

Posta akakitia kile kidole cha mpira mfukoni.

"Acha ufunguo mezani," Fundi akasema. "Gazeti chukua. Lina tarehe ya zamani."

Baadaye alikwenda mlango wa pili mwenyewe, akabisha kama mgeni. Binti alipofungua alisema, "Nimekukosea, mwanangu," na binti akasema, "Ulimwamini rafiki yako, baba, si kosa," na Fundi akasema, "Ni kosa," na wakaachia hapo, akaingia akala kwake siku hiyo.

Samaki akafungishwa siku tatu za kweli. Tumbo likarudi, akaogelea wima. Siku ya nne, saa moja kamili, ti, ti, ti. Bwana Mkubwa akaja, akala punje mbili, kwa adabu, kama mtu anayekula ugenini, akarudi kwenye kona yake. Lakini saa kumi alasiri alibadilika. Alisimama kwenye kioo cha upande wa kiti, mapezi yote yamefunuliwa, akingoja. Mtu aliyemfundisha samaki yule kushika wakati alikuwa Fundi mwenyewe. Sasa alikaa kochini akimtazama akimngoja mwingine, kila siku, bila kukosea hata dakika.

Siku moja alikwenda duka la vifaa vya ofisi akanunua kidole cha mpira chekundu. Akakivaa, akakaa kwenye kile kiti, akakiweka kwenye kioo. Samaki akaja mbio. Akafika karibu, akaona mtetemo, akatulia, akageuka. Fundi akakivua akakitupa kwenye ndoo ya takataka, kisha akakitoa akakitupa mbali zaidi, nje.

Kwa siku ishirini Posta alipomwona Fundi njiani, Fundi alivuka barabara. Siku ya ishirini na moja akamsimulia Kinyozi yaliyotokea nyumbani, akatuma ujumbe kupitia kwake: "Mwambie aandike. Yote, kama yalivyokuwa. Aje asome hapa sebuleni, mbele ya wale wote waliosimama dirishani. Na aape."

Posta akaandika. Na waliposikia habari yote ilivyokuwa, Fundi alilainika, akagonga kioo kwa kibano, na papo hapo Bwana Mkubwa akamrudia, akaruka juu kuliko alivyowahi kuruka kwa mtu yeyote, na marafiki wawili wakakumbatiana, na...

"Simama hapo hapo," Fundi akasema.

Nikaacha kusoma. Nilikuwa kwenye kiti cha zamani, karatasi mkononi, Kinyozi na wenzake wamejipanga ukutani kama waliokuja kupigwa picha, binti wa Fundi ameegemea mlango.

"Yote ya nyuma umesema sawa," Fundi akaendelea, unyusi juu. "Hata ya lenzi, ambayo ningependa uiache. Lakini mimi nimelainika lini?"

"Bado, lakini nilidhani ukisikia..."

"Samaki amerudi lini kwenye kibano?"

"Fundi, msomaji anataka mwisho wenye..."

"Na huyo Posta, mbona unamsimulia kama mtu uliyemsikia kwa jirani? Posta ni nani hapa?"

Ukutani wakaanza kukohoa. "Ni mimi," nikasema.

"Sema wasikie."

"Posta ni mimi. Ndimi niliyemlisha."

"Mwanangu," Fundi akasema bila kuniondolea macho, "mletee bilauri. Ile kubwa."

Akaichota mwenyewe kutoka kwenye tangi, na kwa sababu mkono wake ulitetemeka, nusu ilimwagika mezani, akaichota tena mpaka ikajaa. Nikanywa. Sikuziba pua. Ina ladha ya kokoto na ya kitu kilichooza zamani kikasahaulika, na chini kabisa kulikuwa na punje moja iliyolainika, nayo nikaimeza. Kinyozi hakucheka, na hapo ndipo nilipojua nimelipa.

Nilipoishusha bilauri, ilikuwa imetimia saa kumi. Bwana Mkubwa alikuwa ameshafika kwenye kioo cha upande wangu, amefunua mapezi yote, ananitazama mfukoni.

Nilitaka kusogeza kiti. Fundi akanizuia kwa kibano.

"Kaa," akasema. "Nataka umwone anavyokungoja."